Barua kwa mwanangu Kache: kuhusu shangazi yako na ile sauti

Mwanangu Kache,

Salamu zako zimefika, na ile sauti ya WhatsApp ya shangazi yako uliyonitumia nimeisikiliza yote mpaka pale anaposema "wapelekeeni akina mama wote." Unaniuliza kwa nini Dama, mwalimu mstaafu, mtu aliyekufundisha kusoma kabla hujavaa sare ya shule, anaamini kwamba chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi imetiwa kitu cha kuwafanya wasichana wasizae. Na unataka nikuruhusu umtoe katika kundi la familia kabla wake za kaka zako hawajaanza kuficha watoto.

La mjukuu wangu nalimaliza hapa hapa: achanjwe. Ametimiza miaka kumi, na huo ndio umri uliowekwa tangu chanjo hiyo ilipozinduliwa Mombasa mwezi wa Oktoba 2019. Virusi vinavyoleta saratani ile huambukizwa kwa kujamiiana, kwa hiyo mtoto hukingwa mapema, kabla hajaingia katika mambo ya watu wazima. Wanaouliza "mbona watoto wadogo hivi?" jibu lao ni hilo, na ni fupi. Inanisikitisha kwamba watu wa afya huona haya kulitamka mbele ya wazazi.

Hilo la kuamini ndilo limenikosesha usingizi. Naona unauliza habari za kichwa cha shangazi yako, na kichwa chake hakina kasoro.

Dereva wa gari la chanjo, kama nilivyokuwa mimi, husikia mambo ambayo daktari hayasikii. Wauguzi wakishaingia ndani na kisanduku chao cha barafu, mimi nilibaki chini ya mwembe pamoja na wale ambao hawajaamua kuingia. Hawakunihesabu kuwa mimi ni serikali, ingawa shati langu lilikuwa la serikali. Waliongea. Na nilichokisikia miaka yote ile ni kwamba mtu haamini neno, anaamini kinywa. Mmenisikia nikisema hivyo mpaka Karisa hunimalizia sentensi. Nitasema tena.

Wewe hukuwahi kuogopa gari. Sisi tuliogopa. Bibi yako, huyo uliyerithi jina lake, akisikia gari linanguruma njiani jioni alituvuta ndani na kuzima koroboi. Mumiani! Mombasa, Nairobi, hata Kampala, watu walisema wazimamoto wanakamata watu usiku na kuwatoa damu ya kutengenezea dawa. Dar es Salaam, watu wa Buguruni walizusha fujo kwa ajili ya mumiani mwaka 1959. Na usidhani mambo hayo wazee wamezikwa nayo: Malawi, mwaka 2017, watu waliuawa na makundi ya raia kwa kudaiwa kunyonya damu, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika baadhi ya wilaya za kusini.

Ulipokuwa chuoni uliniambia kwamba huo ni ujinga wa watu wasiosoma, nikanyamaza. Leo nakujibu. Bibi yako alilelewa na watu walioyaona ya mwaka 1913 na 1914 kwa macho yao. Waingereza walitaka kodi ya nyumba, na walitaka vijana wetu wakafanye kazi mbali. Mekatilili wa Menza, yule mama wa Kigiriama, aliwaapisha watu wasitoe. Wakamkamata na kumpeleka uhamishoni, Kaya Fungo, msitu wetu mtakatifu, ikalipuliwa kwa baruti, na Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kudaiwa vijana 1,000. Kisha Vita Kuu ya Kwanza vikachukua wapagazi wa Afrika Mashariki, na makumi ya maelfu hawakurudi makwao. Basi mtu aliyekua akisimuliwa hayo, umwambie gari la serikali halichukui damu ya watu, akuamini kwa sababu gani? Habari ya damu haikuwa kweli. Habari ya kuchukuliwa ilikuwa kweli, na aliipata kwa mama yake.

Sasa nije mwaka 2014, maana najua ndiko ninakokwenda tangu nianze kuandika.

Ilikuwa ile kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake wa umri wa kuzaa. Maaskofu wa Kikatoliki wa Kenya walisema hadharani kwamba chanjo imetiwa homoni ya ujauzito, hCG, na kwamba itawafanya wanawake wawe tasa. Wizara ya Afya ikakana, Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakasema ni salama. Huko Nairobi ubishi ulikuwa wa magazeti na maabara. Kwetu ulipita kwenye jumuiya, akina mama kumi, kumi na watano, baada ya rozari, na hata mama asiyejua kuandika jina lake aliijua hCG herufi kwa herufi. Sisi tulifika baada ya hapo, na kipaza sauti juu ya gari: chanjo ni salama, ni bure, jitokezeni.

Chini ya mwembe wanawake walikuwa na maswali mazuri sana. Mbona wanawake tu? Mbona wale wanaozaa tu? Mwanamume akikanyaga msumari, yeye hapati pepopunda? Jibu lipo: mama akichanjwa, kinga yake humfikia mtoto tumboni, na mtoto huzaliwa akiwa amelindwa siku zile ambazo kitovu ni kidonda. Hilo kipaza sauti hakikulisema hata mara moja. Kilirudia "ni salama" mpaka neno lenyewe likaanza kutia shaka.

Akaja shangazi yako. Hakupiga kelele. Alipita kando ya foleni akimgusa kila msichana begani na kumwita kwa jina, kwa sababu wote aliwafundisha, na mmoja mmoja wakatoka. Kisha akanijia mimi, akasimama penye dirisha la gari, akaniambia: "Kaka, wewe unaendesha tu. Hujui kilichomo."

Kache, nimetukanwa na watu wengi katika kazi ile, na gari langu limepigwa mawe mahali ambapo sitapataja. Hakuna kilichoniuma kama maneno hayo ya ndugu yangu, na yaliuma kwa sababu yalikuwa kweli. Sikujua kilichomo. Nilimwamini sista, muuguzi niliyekuwa nikimwendesha, kwa kuwa nilimwona akijichanja mwenyewe, na binti yake nilimbeba garini kwenda kuchanjwa. Dama alimwamini katekista wake. Tulisimama pale, watoto wa mama mmoja, kila mtu na kinywa chake.

Njiani kurudi nikamwuliza sista hiyo hCG inatoka wapi, maana watu hawawezi kuzua herufi tatu kutoka hewani. Akanieleza, nikasimamisha gari ili nimsikie vizuri. Kumbe wanasayansi wa India, G. P. Talwar na wenzake, walitafiti kweli chanjo ya kupanga uzazi. Mwili wa mwanamke haushambulii homoni yake mwenyewe, kwa hiyo waliifunga homoni hiyo na sumu ya pepopunda iliyokwisha kuzimwa makali, ili mwili uione kama adui. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Walichanjwa wanawake waliokubali, na nguvu ya dawa ilipopungua waliweza kushika mimba tena. Ilikuwa dawa nyingine, ya majaribio, yenye kazi nyingine. Lakini majina mawili, pepopunda na hCG, yaliwahi kukaa chupa moja, na mtu akisoma hivyo bila wa kumweleza, hofu yake si ya kichaa.

Nikamwambia sista, mbona hukuwaeleza hivi? Akasema wameagizwa wasilitaje, lisije likawatia watu hofu. Nilikasirika, na bado nina hasira. Watu wale walikwisha kuogopa! Ukweli wote uliachwa mikononi mwa upande mmoja, nao wakausimulia walivyotaka.

Kuna jambo jingine, na hili unalijua nusu. Lile kaburi dogo karibu na mkorosho ni la mtoto wa Dama, kabla wewe hujazaliwa. Alizaliwa nyumbani, akanyonya vizuri, na wiki haijaisha akaacha. Taya zikakaza. Ukimgusa tu, mwili unajipinda kama upinde. Bibi yako akasema ni dege. Tulimkimbiza hospitalini, na huko muuguzi alimgombeza Dama mbele ya watu kwa kuzalia nyumbani, na mtoto alipokufa walimpa akiwa amefungwa ndani ya leso yake mwenyewe, wasimwambie chochote. Akina mama wa kanisa walikuja wakalala naye mkekani, usiku baada ya usiku, wakamchotea maji, wakampikia, mpaka alipoweza kusimama.

Ilikuwa pepopunda. Dalili zile sista alinieleza njiani, na nilizitambua moja baada ya nyingine. Jioni ile ile nilikwenda nyumbani kwa Dama nikamwambia: mtoto wako aliuawa na ugonjwa huu huu ambao wewe unawazuia watu wasikingwe nao. Alinitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Na mbona wao hawakuniambia mimi?"

Sikuwa na jibu. Sinalo hata leo. Alikuwa mwalimu, angeelewa, lingemchukua mtu dakika tano.

Ndiyo maana nasema mtu haamini neno, anaamini kinywa, na kinywa kinachoaminiwa ni cha yule aliyekaa nawe mkekani. Lakini najua utanijibu nini, na wala sihitaji uandike, kwa sababu mwenyewe nimejibishana nalo. Utasema: Baba, wale wa Shakahola, waliofunga kula mpaka wakafa kwa neno la mhubiri wao, nao waliamini kinywa kilichokaa nao. Ni kweli. Ni hapa kwetu Kilifi, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni. Paul Mackenzie, mhubiri huyo aliyeshtakiwa kwa vifo vile, alihubiri miaka mingi dhidi ya shule na hospitali, na Huduma Namba, ile namba ya serikali ya kumtambulisha kila mtu, ilipokuja mwaka 2019 aliipinga kuwa ni alama ya mnyama. Watu wake walimpenda. Basi kukaa na watu mkekani si ushahidi kwamba unasema kweli, na siwezi kujidanganya kwamba ni ushahidi.

Na wazee wetu wanaouawa kila mwaka wakiitwa wachawi, mpaka wengine wanapaka mvi rangi waonekane vijana? Hapo uvumi huanza kwa jamaa wa karibu kabisa, na mara nyingi nyuma yake kuna shamba. Nikisikia mzee fulani ni mchawi, huuliza kwanza nani anataka kulilima shamba lake. Swali hilo limenisaidia katika mambo mengi. Lakini nikiliuliza juu ya Dama halinipi kitu. Hapati shilingi. Hapati hata sifa. Anawatoa watoto kwenye foleni kwa mapenzi yale yale yanayokufanya wewe uwapeleke, na hilo ndilo linalonishinda.

Ukinibana niseme kama ana hatia, nitasema… hapana, siandiki. Ni mara nyingi nimekuwa na hukumu hiyo mdomoni. Wasichana wale waliotoka kwenye foleni walizaa, na nilikuwa nikihesabu siku za kila mtoto mpaka zipite. Wanaomhukumu Dama wamhukumu pia yule muuguzi na yule aliyeagiza hCG isitajwe, na mimi sina moyo wa kuwa hakimu wa wote hao.

Sasa hilo kundi. Umeona kwamba sauti ya Dama haina vile vishale viwili vya ujumbe uliopelekwa mara nyingi? WhatsApp walipunguza usambazaji, tangu 2019 huwezi kupeleka ujumbe kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja, na 2020 ule uliokwisha kuzunguka sana wakauwekea mpaka wa mazungumzo mamoja. Dama hakusambaza cha mtu. Alisikia mahali, akakirekodi upya kwa sauti yake, na salamu zake, na kikohozi chake kile tunachokijua. Wake za kaka zako hawamsikilizi mtu wa mtandaoni. Wanamsikia Shangazi, aliyewapokea siku walipoolewa. Ukimtoa, watafungua kundi jingine bila wewe, na yeye atakuwa na ushahidi kwamba kuna jambo linafichwa.

Usimtoe. Mpigie simu, usimwandikie. Usianze na chanjo, anza na mtoto wake, maana katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kumwuliza habari zake kwa utulivu. Akikuuliza kwa nini hospitali haikumwambia, usiitetee hospitali hata kwa neno moja. Mweleze ya India yote, pamoja na zile sehemu zinazompa yeye haki. Halafu mtajie tarehe atakayochanjwa mjukuu wangu, na umwombe aje akae na mtoto siku hiyo, amshike mkono wakati wa sindano. Nauli nitamtumia mimi.

Akikataa, achanjwe bila yeye.

Baba yako