"Bado kidogo" ilivyonila miezi mitatu

Mradi wa kwanza niliopewa kuusimamia ulikuwa mfumo wa mikopo wa SACCOS moja ya Morogoro. Tulikuwa waandishi wa programu watatu, tukamwahidi mteja miezi minne. Tulikabidhi mwezi wa saba. Hakuna aliyeugua, hakuna kompyuta iliyoibwa, na umeme ulikatika kwa kiwango chake cha kawaida tu. Kila Jumatatu niliuliza, "Sehemu ya marejesho imefikia wapi?" Na kila Jumatatu nikajibiwa, "Bado kidogo, kaka." Mwenyekiti wa SACCOS akinipigia simu, na mimi namwambia vilevile: "Bado kidogo, mzee wangu."

Jibu hilo lina hatari kwa sababu anayelitoa hasemi uongo. Ameshaona ukurasa unafunguka, vitufe vinabonyezeka, jumla inatokea chini. Kweli kwake kimebaki kidogo. Ambacho hajakiona ni mwanachama aliyelipa mara mbili siku moja, aliyelipa zaidi ya anachodaiwa, au mtandao uliokatika muamala ukiwa katikati. Hiyo "kidogo" ndiyo kazi yenyewe.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichopiga marufuku ni asilimia. Asiniambie mtu kazi imefika asilimia tisini. Kwangu kazi ama haijaanza, ama inafanywa, ama imekwisha. Nilibandika karatasi ya manila ukutani, nikaigawa safu tatu, kila kazi ikapata kadi yake. Wenye kuujua utaratibu huu wanauita kanban. Asili yake ni viwanda vya Toyota, alikouasisi Taiichi Ohno: kadi iliongozana na vipuri, na kama hujarudishiwa kadi, hutengenezi kipuri kingine. Yaani kadi ilikuwa breki. Wengi wetu tunachukua safu tatu, breki tunaiacha. Unakuta safu ya katikati ina kadi thelathini na timu ni ya watu watatu. Sisi tulikubaliana mtu asishike zaidi ya kadi mbili. Ukikwama kwenye ya kwanza, ya pili ipo. Ukikwama kwenye zote, sema leo, usisubiri Jumatatu.

Kadi nayo iwe ndogo. "Sehemu ya marejesho" niliyokuwa naiuliza kila wiki haikuwa kadi, ilikuwa kijiji kizima. Tulipokaa kuipasua zikatoka kadi kumi na moja, na tano kati ya hizo hakuna aliyekuwa amezifikiria. Kanuni yangu mpaka leo ni siku mbili: kadi isiyoweza kwisha ndani ya siku mbili ipasuliwe tena.

Lakini mvutano mkubwa ulikuwa juu ya neno "imekwisha". Kijana mmoja anasema imekwisha kwa sababu msimbo, yaani maandishi ya programu, unakubali kwenye kompyuta yake. Mwingine anasema imekwisha kwa sababu iko kwenye seva. Nilikuja kuamua baada ya kuaibika mbele ya mhasibu wa ile SACCOS, mama mtulivu mwenye kikokotoo kilichofutika namba. Tulimwonyesha mkopo wa shilingi 1,200,000, miezi 12, riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Mfumo ukatoa riba ya 144,000. Akakipapasa kikokotoo chake, akatuonyesha: 78,000. "Wanangu, huyu mtu kila mwezi anapunguza 100,000. Kwa nini mwezi wa mwisho mnamtoza riba ya pesa aliyokwisha kurudisha?" Sisi tulikokotoa riba kwenye mkopo wa mwanzo miezi yote. Wao wanakokotoa kwenye salio linalobaki: 12,000 mwezi wa kwanza, 11,000 wa pili, hadi 1,000 wa mwisho. Msimbo wetu haukuwa na hitilafu hata moja. Ulikuwa unakosea kwa usahihi.

Tangu siku hiyo kadi haiendi safu ya tatu mpaka mtu wa upande wa mteja, yule atakayeutumia mfumo kila siku, ameibonyeza kwa mkono wake na kwa takwimu zake. Msimulize mwenyekiti ukipenda, lakini anayejua mfumo unakosea wapi ni mhasibu. Tukawa tunamwonyesha kila Ijumaa kilichokamilika wiki hiyo, hata kiwe kidogo. Kosa la riba lilikaa wiki tisa ndani ya msimbo kabla hajaliona. Baada ya hapo hakuna kosa la aina hiyo lililoishi zaidi ya wiki moja.

Mwezi wa tano nilifanya kosa la wakubwa: niliongeza mtu. Kijana hodari, ana kasi. Wiki mbili nzima wenzake waliacha kazi wakawa wanamweleza mfumo. Fred Brooks, aliyeongoza utengenezaji wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta kubwa, pale IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba mradi wa programu uliochelewa ukiuongezea watu unazidi kuchelewa. Hesabu yake ni rahisi: watu watatu wana jozi tatu za kuelewana, wanne wana sita, wanane wana 28. Ningempunguzia mteja mambo, ningewahi. Ripoti za mwisho wa mwaka zingeweza kungoja, maana mwaka wenyewe ulikuwa haujafika katikati.

Kuhusu mteja anayekuja na "kitu kidogo tu, kijana wangu", usimkatalie. Kumkatalia mzee mbele ya kamati yake ni kujitafutia maneno. Mimi nina daftari. Naandika alichoomba, tarehe, siku kitakazochukua na gharama, kisha namwomba achague kadi gani isogee ili hiki kipite. Nusu ya maombi hufia hapo hapo, na anayeyaua ni yeye. Yanayoletwa kwa WhatsApp saa nne usiku nayahamishia kwenye daftari asubuhi, yasipoandikwa hayapo.

Programu za kusimamia kazi ziko nyingi, na siku hizi natumia mojawapo kwa sababu timu haikai chumba kimoja. Ila usianze nazo. Manila na kalamu vinatosha kukuonyesha kama timu yako inamaliza vitu au inavianza tu.

Mradi uliofuata, mteja aliponipigia kuuliza mfumo umefikia wapi, nilisimama mbele ya ubao nikamhesabia: kadi 31 zimekwisha, 3 zinafanywa, 14 hazijaanza. Akanyamaza. Nikadhani atafoka.

"Kwenye hizo 14," akasema, "ya stakabadhi imo?"

"Imo, mzee."

"Basi anzeni na hiyo. Hizo nyingine nisomee moja moja."