Ukikabidhiwa Kuandika Wasifu wa Mke wa Mhubiri

Mke wa mhubiri anapofariki, wasifu wake huandikwa kwa haraka, mara nyingi usiku wa kuamkia ibada, na kwa sababu hiyo hugeuka kuwa historia ya utumishi wa mumewe: mwaka aliowekewa mikono, makanisa aliyoyahudumia, majengo aliyoyasimamia, na mwishoni sentensi moja inayosema kwamba katika yote hayo marehemu alikuwa naye bega kwa bega. Familia iliponikabidhi kazi ya kuandika wasifu wa mama mkwe wangu, ambaye alikuwa mke wa mhubiri kwa sehemu kubwa ya maisha yake, niliamua kwamba yaliyofichwa ndani ya sentensi hiyo moja ndiyo yatakayokuwa wasifu wenyewe. Nayaandika haya kwa ajili ya yeyote atakayepewa jukumu kama hilo, na hasa kwa yule ambaye mama yake bado yu hai na anaweza kuulizwa.

Ushauri wangu wa kwanza ni kuwatafuta watu aliowahudumia kabla ya kuketi na wana familia. Katika sura ya 9 ya Matendo ya Mitume, Petro alipofika Yafa na kupandishwa orofani alikolazwa Tabitha, aitwaye pia Dorkasi, hakupokelewa na risala ya wazee. Wajane walisimama karibu naye wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Mwandishi hasemi kama mwanamke huyo alikuwa na mume, wala hatutajii ukoo wake. Nguo zilitosha kumweleza.

Ukiwaendea watu hao, uliza maswali mahususi, kwa kuwa anayeulizwa marehemu alikuwa mtu wa namna gani atajibu kwamba alikuwa mcha Mungu, mpole na mkarimu, na maneno hayo yatawafaa marehemu wote duniani. Mimi niliuliza: alikufanyia jambo gani ambalo wengine hawakuliona? Mwanamke mmoja alinieleza kwamba alipofiwa na mtoto mchanga, Mama alikuja kwake siku baada ya siku, akaosha vyombo, akafua, akaketi, na hakufungua Biblia mpaka mwenyewe alipomwomba amsomee. Mwingine alisimulia kwamba wazee wa kanisa walipokuwa wakijadili namna ya kumrudisha kwa mume aliyekuwa akimpiga, Mama alimwambia waziwazi asirudi, kisha akaenda kuwaeleza wazee hao kwamba ndivyo alivyomshauri. Mzee mmoja aliyeacha kusali zamani alisema kwamba katika kanisa zima ni Mama peke yake aliyeendelea kumjulia hali bila kumuuliza atarudi lini. Hakuna hata moja kati ya habari hizo ambalo baba mkwe alikuwa analijua kwa ukamilifu.

Anza wasifu kwa jina lake kamili. Huenda jambo hili likaonekana dogo, lakini wapo watu waliomwita Mama Mchungaji kwa miaka mingi na ambao jina lake walilisikia kwa mara ya kwanza siku ya mazishi. Kisha eleza imani yake ilianzaje, maana ni kosa la kawaida kudhani kwamba mwanamke huyo alimpata Kristo alipompata mume. Mama mkwe wangu alikuwa akifundisha shule ya Jumapili kabla hajamfahamu baba mkwe, tena kinyume cha matakwa ya baba yake mzazi, na nadhani ukaidi huo mtakatifu wa ujana wake unaeleza mengi aliyoyafanya baadaye.

Baada ya hapo tafuta maneno yake mwenyewe. Susanna Wesley, mama wa John na Charles Wesley, wahubiri walioanzisha Umethodisti, aliishi kuanzia 1669 hadi 1742, akazaa watoto 19 ambao 9 kati yao walifariki wakiwa wachanga, na angeweza kukumbukwa kwa uzazi huo tu. Lakini barua zake zimebaki. Kutokana nazo tunajua kwamba mumewe, aliyekuwa kasisi wa Epworth nchini Uingereza, alipokuwa London katika majira ya baridi ya 1711 kuelekea 1712, yeye alikuwa akiwasomea watoto wake mahubiri nyumbani Jumapili jioni, na majirani wakaomba kuingia mpaka wakafika watu wapatao 200. Kasisi msaidizi alilalamika, na mume akaandika kuonyesha wasiwasi. Susanna alimjibu kwamba akitaka mikutano hiyo ikome, asimwambie tu kwamba angependa ikome, bali atoe amri kamili itakayomwondolea yeye hatia ya kuacha nafasi ya kutenda mema watakaposimama mbele ya kiti cha hukumu cha Kristo. Unyenyekevu wa namna hiyo, wenye uti wa mgongo, hakuna mtoto wala jirani ambaye angeweza kuusimulia kwa usahihi kama barua yenyewe.

Linganisha na Katharina von Bora, mtawa wa zamani aliyeolewa na Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa wa Ujerumani, mwaka 1525 na kuendesha nyumba yao kubwa ya Wittenberg, iliyokuwa monasteri, akilima, akifuga, akipika bia na kuwahudumia wapangaji na wageni wasiokwisha. Barua nyingi ambazo Luther alimwandikia zimehifadhiwa, ilhali zile ambazo Katharina alimwandikia Luther zimepotea, na kwa hiyo hata leo tunamsikia zaidi kupitia kinywa cha mumewe. Basi kusanya mapema barua, kadi, maandishi ya pembeni mwa Biblia yake na sauti zilizomo kwenye simu. Tena simu ndiyo ya kuharakishia, kwa sababu mara nyingi hufutwa na kupewa mjukuu kabla hata arobaini haijapita.

Katika kukusanya huko utakuta mambo yasiyo yako. Mama aliacha daftari la maombi lenye majina ya watu, na mbele ya baadhi ya majina aliandika walichomweleza: ndoa zilizokuwa zikivunjika, madeni, mimba zilizofichwa, ulevi wa watu wenye heshima. Wapo ndugu waliotaka lisomwe ibadani kama ushahidi wa maisha yake ya sala, na nilipinga. Mke wa mhubiri hupokea siri ambazo watu wanaogopa kumpelekea mhubiri mwenyewe, na kifo chake hakimpi mtu yeyote ruhusa ya kuzifungua. Taja kwamba daftari lilikuwepo na kwamba alilitumia kila alfajiri. Yaliyomo yaache, na mkubaliane mapema nani atalitunza au kama litachomwa.

Ugumu wa maisha yake nao usiufiche. Katika ibada hizi husomwa Mithali 31, na msomaji hukazia mstari wa 23, unaosema mume wake hujulikana malangoni, akapita upesi mstari wa 31, unaotaka matendo ya mke ndiyo yamsifu huko huko malangoni. Sifa zinazomfanya malaika humfuta mtu. Mama alikuwa mpweke, kwa kuwa kila urafiki aliouanza ulitafsiriwa kuwa upendeleo. Alichoka kuhamishwa kila alipozoea mahali. Aliumia kuona watoto wake wakipimwa na waumini kuliko watoto wa wengine. Tuliyasema hayo kwa kipimo, na wake wa wachungaji waliokuwepo walinishukuru baadaye. Utani wake pia uwekwe. Ruth Bell Graham, aliyefariki mwaka 2007 na aliyekuwa mke wa mhubiri Mmarekani Billy Graham, alichagua kaburi lake liandikwe maneno aliyoyaona kwenye bango la barabarani, yanayosema ujenzi umekwisha na kuwashukuru watu kwa uvumilivu wao. Sina shaka kwamba wengi waliolia walicheka pia.

Kuhusu mume aliyebaki, msimpe mahubiri ya siku hiyo hata akijitolea, maana atakimbilia kazi anayoiweza ili asikae na msiba wake. Apewe nafasi ya kuzungumza kama mjane, kwa muda anaoutaka, na mwingine ahubiri.

Wala msifunge maandishi siku ya ibada. Watu waliendelea kuja kwetu kwa miezi mingi wakiwa na habari ambazo hawakuwa tayari kuzisema hadharani, hivyo tuliandika wasifu wa pili, mrefu kuliko ule wa kwanza, tukawaonyesha wahusika sehemu zinazowagusa kabla ya kuuchapa, na nakala moja ikawekwa katika ofisi ya kanisa pamoja na kumbukumbu za wachungaji.