Bosi kacheka "big rain" yangu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nipo ofisi moja ya utalii hapa Moshi, kazi yangu kujibu imeili za wageni. Juzi nimemwandikia mmoja kwamba mwezi wa nne kuna "big rain", bosi akaisoma kwa sauti mbele ya wenzangu, wakacheka, akasema andika "heavy rain". Nimefungua kamusi, rain ni mvua, basi, haisemi inaenda na neno gani. Ntajuaje bila kuuliza mtu kila saa?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole, bosi angekuita pembeni tu. Wewe umetafsiri mvua kubwa, ndo maana. Sisi tunasema jua kali, usingizi mzito, giza nene, hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha, na mgeni akikwambia "jua zito" utamwelewa ila sikio litakataa. Kiingereza nacho kina maneno yaliyozoeana hivyohivyo na kamusi ndogo haziyaonyeshi.

Kinachoonyesha ni kopasi, yaani maandishi mengi sana ya watu yaliyokusanywa kwenye kompyuta ili utafute neno uone linakaa na nani. Anza na tovuti ya SkELL, ni ya bure, hujisajili, hata kwenye simu inafunguka. Andika "rain" peke yake, usiweke "big", maana tunachotaka ni neno lenyewe likutajie wenzake. Itakuletea sentensi, hazizidi 40, zisome japo kumi. Kisha bonyeza "Word sketch", na hapa ndo napapenda mimi, utaona maneno yamepangwa kwa makundi, sifa zinazokaa na rain kama heavy na torrential, vitenzi kama fall, halafu ukigusa heavy zinafunguka sentensi zenye heavy rain tupu. Ukishaona watu chungu nzima wameandika vile hutabishana tena na bosi.

Ukizoea nenda COCA, kopasi nyingine, ina maneno zaidi ya bilioni 1 ya Kiingereza cha Marekani kuanzia 1990, ila ile lazima ujisajili. Humohumo kwenye tovuti yake kuna GloWbE, inagawa matokeo kwa nchi 20, Kenya na Tanzania zimo. Weka "discuss about", lile kosa letu la kutafsiri "kujadili kuhusu", halafu weka "discuss the", linganisha namba. Usiridhike na sentensi moja eti ipo, kwenye intaneti kila kosa lina mtu aliyeliandika, angalia wingi.

Na kwenye daftari usiandike neno moja moja, andika "heavy rain in April" zima kama lilivyo. Kesho kabla hujajibu mgeni yeyote tafuta "booking", uone linakaa na make na confirm, hayo mawili utayatumia kila siku hapo ofisini.