Mistari imejaa, video haisogei

SWALI: Habari Fundi. Nina vyumba 16 vya kupangisha Manyatta, hapa Kisumu, kwenye ploti ndefu. Wapangaji huchanga kulipia intaneti ya megabiti 20, na ruta iko chumba cha katikati. Asubuhi inakimbia vizuri. Ikifika saa mbili usiku simu yangu hainyamazi: mistari ya Wi-Fi kwenye simu imejaa lakini video haisogei. Kampuni inanishauri nipande hadi megabiti 40. Nilipe?
Mama mwenye ploti, Manyatta

JIBU: Mama, usilipe kwanza. Saa mbili hiyo hiyo ya usiku, chomeka laptopu kwenye ruta kwa waya, upime. Ukipata karibu 20 zote, basi shida iko hewani, kati ya ruta na simu, na megabiti za nyongeza hazitaigusa.

Kwenye chaneli moja ya Wi-Fi, yaani mkondo mmoja wa mawimbi ya redio, msemaji ni mmoja kwa wakati. Kila simu husikiliza. Ikikuta kimya, hungoja kitambo cha kubahatisha, kisha hutuma. Mbili zikituma pamoja, pakiti, yaani vipande vya data, huharibika, ruta haijibu kwamba imepokea, na kila simu hurudia baada ya kungoja zaidi. Asili yake ni ALOHA, mtandao wa redio ambao Norman Abramson na wenzake waliuwasha Hawaii mwaka 1971. Huko kituo kilituma bila kusikiliza, na hesabu ikaonyesha kwamba chaneli ya namna hiyo haifanyi kazi ya maana zaidi ya asilimia 18 ya muda wake. Kusikiliza kwanza kuliongeza kiasi hicho sana.

Lakini unasikiliza nini kama mwenzako hasikiki? Simu ya chumba cha kwanza na ile ya chumba cha mwisho zinaisikia ruta, ila kuta za mawe zinazizuia kusikiana. Kila moja inadhani hewa ni tupu, nazo zinagongana pale pale kwenye ruta. Asubuhi watu wako kazini, kwa hiyo huoni kitu.

Niliwahi kukosea jambo hili Kondele. Niliongeza nguvu ya ruta hadi mwisho. Mistari ikajaa kwenye simu, lakini sauti ya simu kurudi kwa ruta ikabaki ndogo vile vile. Nilimrudishia mwenye nyumba pesa zake, na bado linaniuma.

Wewe sogeza ruta upande mmoja wa ploti, vuta waya hadi upande wa pili, ufunge huko kifaa kingine cha Wi-Fi. Kimoja kiwe chaneli 1, kingine 11, au 6 kama majirani wameijaza mojawapo. Usiweke 3 wala 8, maana zinaingiliana na hizo tatu. Punguza nguvu ya vyote viwili ili kila simu ishike kilicho karibu. Ukaribu huo una maana kubwa: pakiti ya baiti 1,500 ikitumwa na simu ya mbali kwa megabiti 1 kwa sekunde hushikilia hewa milisekunde 12, na wapangaji wote wanangoja.

Ukimaliza, pima tena saa mbili usiku, ukiwa umeketi chumba cha mwisho.