Kabla hujaiponda filamu inayosifiwa na wote, jua umetazama toleo lipi

Ubishi mwingi wa mashabiki wa filamu za sayansi ya kubuni hauishi kwa sababu wanaobishana hawakutazama kitu kimoja. Mmoja anaiponda Blade Runner, mwingine anaitetea, saa nzima inapita na hakuna aliyeuliza: toleo lipi? Maoni yanayokwenda kinyume na wengi yana kazi kubwa, kwa sababu bila hayo tungebaki kurithishana sifa za filamu ambazo nusu yetu hatujazitazama kwa makini. Lakini anayesifu kinachosifiwa haombwi ushahidi. Anayepinga ataombwa, kwa hiyo ajiandae.

Tuanze na hiyo Blade Runner. Ile iliyoonyeshwa kwenye majumba ya sinema ya Marekani Juni 1982 ina sauti ya Harrison Ford ikisimulia juu ya picha, na inaishia kwa wapenzi wawili garini kwenye nchi ya milima. Picha za angani za milima hiyo ni mabaki ya zile zilizopigwa kwa ajili ya filamu nyingine, The Shining. Toleo la 1992 liliondoa msimulizi, likakata mwisho huo na kuingiza ndoto ya farasi mwenye pembe moja. La 2007 ndilo ambalo mwongozaji Ridley Scott alikuwa na kauli ya mwisho juu yake. Urefu hautakusaidia kuyatofautisha, kwani yote yanazunguka dakika 117. Tumia masikio. Deckard, mwindaji wa binadamu bandia anayeigizwa na Ford, anapotokea mara ya kwanza yuko mtaani na gazeti, anasubiri nafasi ya kula. Ukisikia mawazo yake yakisimuliwa hapo, unatazama la 1982. Usiposikia, subiri akae kwenye piano: ndoto ya farasi ikija, ni la 1992 au la 2007.

Hili si jambo dogo. Mwishoni Deckard anaokota farasi wa pembe moja wa karatasi, aliyekunjwa na Gaff, polisi mwenzake. Kwa aliyeona ndoto, karatasi ile inauliza Gaff amejuaje kilichomo kichwani mwa mwenzake, na hapo ndipo wengi wanasema Deckard mwenyewe si binadamu. Kwa aliyetazama la 1982, karatasi inasema tu kwamba Gaff alifika pale akaondoka. Mtu huyo akisema ushahidi haupo, hajakosea. Kwenye filamu aliyoitazama yeye, haupo.

Alien 3 ni rahisi kuitambua. Kiumbe muuaji wa filamu hiyo akizaliwa kutoka kwa mbwa, hilo ni toleo la sinema la 1992. Akitoka kwa maksai, ni toleo refu lililotolewa 2003, lenye karibu nusu saa zaidi. Anayeichukia kwa kuwa wafungwa wa gereza linamotokea kisa hawatofautishiki atazame hilo refu kwanza, kisha aendelee kuichukia kama bado ana sababu.

Ukipima matoleo kwa dakika, kumbuka mtego wa DVD za PAL, mfumo wa runinga uliotumika Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika. Filamu hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, PAL huzipitisha 25, hivyo filamu ya dakika 120 inaisha kama dakika 5 mapema bila tukio lolote kukatwa. Muziki nao hupanda karibu nusu noti, isipokuwa umerekebishwa.

Halafu kuna chombo ulichotazamia. Runinga nyingi hutoka kiwandani zikiwa na kipengele cha kulainisha mwendo, kinachobuni fremu za katikati ambazo mpiga picha hakuzipiga. LG hukiita TruMotion, Sony Motionflow, Samsung Auto Motion Plus au Picture Clarity. Kikiwa kimewashwa, chombo cha angani cha mamilioni ya dola kinaonekana kama mdoli studioni, kwa sababu mwendo laini namna hiyo macho yetu yameuzoea kwenye taarifa ya habari na mpira. Kizime. Kama runinga ina Filmmaker Mode, ichague, yenyewe inazima vingi kwa mkupuo. Angalia pia ukubwa wa faili: filamu ya saa 2 iliyobanwa hadi MB 700 haifiki megabiti 1 kwa sekunde, wakati Blu-ray kwa kawaida hupita 20. Kinachokufa kwanza ni giza, na filamu za anga za mbali zimejaa giza. Ukiona weusi umegawanyika vipande vya mraba, usimlaumu mpiga picha.

Sauti ndiyo inayodhulumu filamu nyingi zaidi. Kwenye mpangilio wa 5.1, yaani spika tano na moja ya besi, maneno ya wahusika huwekwa zaidi kwenye chaneli ya katikati. Ukicheza sauti hiyo kwenye spika mbili bila kuichanganya vizuri, milipuko inabaki na maneno yanazama. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, chagua stereo, rudia tukio. Kama bado husikii, huenda ndivyo mwongozaji alivyotaka: Christopher Nolan aliutetea hadharani uamuzi wake wa kufunika baadhi ya maneno kwa muziki na kelele katika Interstellar. Hapo sasa una haki ya kulalamika, kwa sababu unalalamikia uamuzi na si spika zako.

Na filamu zenye msimulizi wetu wa Kiswahili juu yake, mtindo wa DJ Afro na Lufufu? Naziheshimu, ni sanaa yenye ucheshi na kasi yake, na vibanda vingi visingejaa bila hizo. Ila ni kazi nyingine. 2001: A Space Odyssey inapita takriban dakika 25 za mwanzo bila mhusika kutamka neno, na msimulizi akilijaza pengo hilo, alichokusudia mwongozaji wake, Stanley Kubrick, kimeondoka. Ukiitazama hivyo, toa maoni juu ya msimulizi, ya Kubrick yasubiri.

Baada ya hayo, chagua sentensi yako. “Sikuipenda” haihitaji hoja wala haipingwi. “Haifanyi kazi” inahitaji tukio mahususi. “Imesifiwa kupita kiasi” inakudai zaidi, maana lazima ujue wanaoisifu wanasifu nini hasa. Ugomvi mwingi huanza pale mtu mwenye sentensi ya kwanza anapotamka ya tatu.

Hivi ndivyo ninavyojenga yangu. Naamini Star Trek: The Motion Picture ya 1979 ni bora kuliko The Wrath of Khan ya 1982, na mashabiki wengi hawakubali. Hoja ya kwanza ni tukio: mhusika mkuu, Kirk, anazungushwa nje ya chombo chake cha angani, Enterprise, kwa dakika kadhaa, karibu bila maneno, muziki wa Jerry Goldsmith ukitamba. Wengine wanaliita upotevu wa muda. Kwangu linalifundisha jicho ukubwa wa chombo, ili baadaye Enterprise inapoingia ndani ya V'Ger, kitu kikubwa mno kinachoitishia dunia, na kuonekana nukta, mtazamaji awe na kipimo. Ya pili ni utatuzi: hakuna adui anayelipuliwa, kitisho kinageuka kuwa Voyager 6, chombo kilichorushwa na binadamu wenyewe, nacho kinapata kilichokitafuta. Kisha nakubali kinachonidhuru: wahusika wamepoa, katikati wanakodolea skrini mno, na Khan inaishinda mbali kwa uhai wa watu wake. Mwisho nataja toleo. Nasema juu ya lile la mwongozaji Robert Wise la 2001, kwa kuwa la Desemba 1979 lilikimbizwa kuwahi tarehe ya kuonyeshwa.

Mfano bora zaidi ni wa Stanisław Lem, mwandishi wa riwaya ya Solaris ya 1961. Hakuipenda filamu ambayo mwongozaji Tarkovsky aliitengeneza kutokana na riwaya hiyo mwaka 1972. Riwaya yake ilihusu binadamu kukutana na akili wasiyoweza kuielewa. Filamu iligeukia hatia na dhamiri ya mhusika mkuu, Kelvin. Unaweza kukubaliana naye kabisa na bado ukaipenda filamu. Hoja nzuri huacha nafasi hiyo.

Usitumie mapato kama ushahidi. Blade Runner na The Thing zilitoka siku moja, 25 Juni 1982, zote zikafanya vibaya sokoni, leo zote zinaheshimiwa. Lakini usijifariji kwamba muda utakupa haki, kwani filamu nyingi zilizopuuzwa zimebaki zimepuuzwa.

Filamu za kwetu nazo zipimwe hivyohivyo. Pumzi ya Wanuri Kahiu ya 2009, na Neptune Frost ya 2021, iliyopigwa Rwanda na ambayo Kiswahili ni moja ya lugha zake, husifiwa na wengi kwa wajibu tu. Kama mwisho wa Pumzi haukukugusa, sema, taja pale mhusika mkuu, Asha, anapoupanda mche jangwani, eleza kilichokosekana. Ina dakika 20 na kitu tu, hivyo unaweza kuirudia usiku huohuo kabla ya kusema.