Mtetemo wa Pikapu kwenye Lami: Panda Gari Kabla ya Kulipandisha Jeki

Wadogo zangu wa gereji, wiki hii nimeisikia tena ile kauli: "Bosi, linatetemeka likifika tisini, tulipeleke alaimenti." Alaimenti haiondoi mtetemo. Alaimenti ni ya gari linalovuta upande, usukani uliokaa kombo na tairi linaloliwa ubavuni. Tairi likiliwa hivyo kwa muda mrefu litatetemesha gari, hilo kweli. Lakini ukinyoosha magurudumu leo, tairi lililokwisha kuharibika litabaki limeharibika. Mteja analipa, anaondoka, kesho yuko getini amekunja uso, na safari hii hatatuamini hata tukimwambia ukweli.

Nawapenda, na mikono yenu ni myepesi. Kinachoniuma ni haraka yenu ya kukamata spana. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayoyarudia hapa Morogoro karibu kila asubuhi. Nitasema zaidi juu ya Hilux, kwa sababu ndizo zinazojaa uwanjani kwetu, lakini L200, Ranger na Navara zinafuata mantiki hiyohiyo.

1. Panda gari kwanza, na mwenyewe awe ndani.

Mteja akisema "linatetemeka" hajakwambia kitu bado. Mwache aendeshe yeye, wewe kaa pembeni. Tokeni njia ya Dodoma, mkishapita vijiji ile sehemu ya Dakawa iliyonyooka inatosha. Msiende kujaribia mwendo Mikumi ndani ya hifadhi. Pale mwisho mchana ni 70, wanyama wanavuka muda wowote, na kila mnyama ana faini yake.

Mkiwa njiani tafuta majibu ya mambo haya. Mtetemo unaanza mwendo gani, na mkizidi hapo unapungua au unaongezeka? Unausikia mikononi kwenye usukani, au chini ya kiti? Unakuja ukikanyaga mafuta, ukiachia, au wakati wote? Kama unakuja ukishika breki tu, acha magurudumu, nenda kwenye diski za mbele. Sehemu kubwa ya magurudumu yasiyo na balansi (uzito haulingani pande zote) huanza kusumbua kati ya 80 na 110, halafu mwendo ukipanda zaidi yanatulia kidogo. Usukani ukicheza, anza na magurudumu ya mbele. Kiti na sakafu vikicheza, anza nyuma.

Kisha jaribio moja ambalo wengi wenu mnaliruka: mko 100, njia nyeupe mbele na nyuma, toa gia, acha gari liserereke likiwa free. Msizime ufunguo, usukani unaweza kujifunga. Mzunguko wa injini umeshuka, mwendo bado upo. Mtetemo ukibaki vilevile, injini, klachi na mauntingi (mipira inayoshikilia injini na giaboksi) zimetoka kwenye orodha. Ukipotea palepale, usiguse tairi hata moja. Nusu ya kazi imekwisha na hamjachafua mikono.

2. Jifunzeni hesabu hii ndogo.

Tairi la 265/65R17 lina kimo cha milimita 776, na likizunguka mara moja gari linasogea kama mita 2.4. Kwenye 100 gari linakwenda mita 27.8 kwa sekunde. Gawanya: tairi linazunguka kati ya mara 11 na 12 kwa sekunde. Propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi nyuma, inazunguka zaidi, kulingana na difu, yaani gia za ekseli ya nyuma. Difu ya 3.9, yaani propela inazunguka mara 3.9 tairi likizunguka mara moja, inaipa propela mizunguko kama 45 kwa sekunde katika mwendo uleule.

Hizo namba mbili hazifanani hata mwilini. Mtetemo wa mara 11 unauona: usukani unapiga kushoto na kulia, maji kwenye chupa yanacheza. Wa mara 45 unausikia kama mvumo, unaingia miguuni kupitia sakafu, na picha kwenye kioo cha nyuma inakuwa na ukungu. Mwenye simu ya kisasa apakue phyphox, programu ya bure iliyotengenezwa na chuo kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani. Ina kipimo cha mtikisiko kinachoonyesha ni mara ngapi kwa sekunde. Ibane simu vizuri kwenye reli ya kiti, isiwe mkononi. Ukiona kilele kwenye 11, ni gurudumu. Ukikiona kwenye 22, bado ni gurudumu, ila huenda tairi limekuwa na umbo la yai, linapiga mara mbili kila mzunguko. Kilele kikiwa karibu na 45, lala chini ya gari uitazame propela.

3. Osheni rimu kwa ndani.

Magari yanayotoka Malinyi na Mlimba masika huja na udongo mweusi umekauka nyuma ya rimu, kilo nzima wakati mwingine, upande mmoja. Mashine ya balansi inahangaika na gramu tano tano, ninyi mnaacha tofali zima mle ndani. Maji ya presha na brashi, kabla ya kitu kingine chochote.

4. Mashine inapima uzito, haipimi umbo.

Hapa ndipo mnaponichosha zaidi, kwa hiyo someni polepole. Skrini ikionyesha sifuri kila upande mnaridhika. Lakini gurudumu lenye umbo la yai linaweza kusawazishwa kwa vyuma mpaka lisome sifuri, na likifika barabarani litaendelea kulirusha gari, kwa sababu kimo chake hakilingani pande zote. Nyanyua gari, zungusha gurudumu kwa mkono, weka kipande cha waya kikitazama uso wa tairi, uangalie pengo linavyofunguka na kufunga. Mwenye dayo geji (saa ya kupimia pengo) atumie. Mimi nikiona limepita milimita moja na nusu nalitilia shaka, na sizungumzi tena habari za balansi mpaka nijue ni tairi au ni rimu. Pitisha na kiganja juu ya kashata (uso wa tairi unaokanyaga barabara), gari likiwa limezimwa na gurudumu likizungushwa taratibu. Uvimbe mdogo maana yake nyuzi za ndani zimeanza kuachana, na tairi hilo halirudi barabarani hata kama mwenyewe analia bei. Likipasuka kwenye 110 akiwa amepakia watu nyuma, itakuwa tumelitoa sisi.

Matairi ya mtumba someni tarehe yake. Tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililosimama bandani miaka mingi likibeba gari linaweza kuwa na sehemu bapa isiyotoka hata ukiliendesha mchana kutwa.

Halafu rimu za spoti. Tundu la katikati la rimu ya Hilux yenye bolti sita ni milimita 106.1, na linakaa juu ya habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa) kwa kubana kabisa. Rimu nyingi za dukani zina tundu kubwa zaidi ili ziingie magari mengi. Hapo rimu inategemea nati peke yake kukaa katikati, na kijana akikaza nati moja mpaka mwisho kabla ya kugusa nyingine, rimu imekaa kombo. Gurudumu ni zima, balansi ni nzuri, gari linatetemeka. Kuna pete za kujaza hilo pengo, ziulizieni. Nati kazeni kwa kupishana, gurudumu likiwa hewani, kisha mshushe mmalize kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Kabla ya hayo yote sugueni kutu kwenye uso wa habu kwa brashi ya waya.

Na mkitilia shaka balansi yenyewe, legezeni koni inayobana gurudumu kwenye mashine, geuzeni gurudumu nusu mzunguko, mkaze, mpime tena. Namba zikibadilika sana, gurudumu halikukaa katikati kwenye mashine, na vyuma vyote mlivyopiga ni vya kubahatisha.

5. Propela: wekeni alama kabla ya kufungua bolti ya kwanza.

Hili niliwahi kulikosea, na nalieleza lote kwa sababu juzi nimemkuta mmoja wenu anateremsha propela bila alama hata ya chaki.

Mzee mmoja, mfanyabiashara wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, aliniletea Hilux yenye propela ya vipande viwili, krosi (kiungo cha propela kinachopinda) ya nyuma imekufa. Kazi ya kawaida. Niliiteremsha, nikachomoa kipande cha nyuma kwenye meno yake, pale vipande viwili vinapoingiliana, ili niisafishe vizuri, nikabadilisha krosi, nikapaka grisi, nikarudisha. Sikuweka alama kwenye flanji (sahani zinazofungwa kwa bolti) wala kwenye meno. Meno yaliingia bila ubishi, nikaona imekaa. Nilichofanya ni kuirudisha ikiwa imezunguka meno kadhaa kutoka mahali pake, na uma (panda ya chuma inayoshika krosi) wa mbele wa kile kipande ukawa hautazamani na uma wa nyuma.

Mnajua krosi inavyofanya kazi. Ikiwa kwenye pembe, haizungushi upande wa pili kwa mwendo ulio sawa: inaharakisha na kuchelewesha mara mbili kila mzunguko. Krosi ya mwisho inafuta kasoro hiyo, lakini iwapo tu uma zote mbili zimekaa kwenye mstari mmoja. Zikipishana, kasoro mbili zinajumlishana badala ya kufutana, na difu, giaboksi na senta beringi (beringi inayoshikilia propela katikati) ndizo zinazopokea.

Mzee alirudi akisema gari linavuma likifika tisini. Sikupanda. Nilitazama matairi yake, yalikuwa yamechakaa kiasi, nikamwambia kwa kujiamini kabisa: "Mzee, ni matairi haya." Aliniamini kwa kuwa mimi ndiye fundi. Alinunua matairi manne mapya kwa fedha ya vitunguu alivyokuwa ndiyo kwanza ameviuza, tukafunga, tukapiga balansi, akaondoka. Akarudi. Nikamwambia huenda ni mauntingi ya giaboksi, nikabadilisha. Akarudi tena, na sasa mpira wa senta beringi ulikuwa umechanika na sili ya nyuma ya giaboksi inavuja. Muda wote huo sikujiuliza jambo jepesi kuliko yote: gari hili halikuwa na mvumo kabla sijalishika, nimeshika nini?

Fundi mkubwa pale gereji, marehemu sasa, ndiye aliyelimaliza. Alipanda na mzee, walipofika lami akatoa gia, mvumo ukabaki. Aliporudi alilala chini ya gari na tochi, akatazama uma zile mbili, akauliza kwa sauti ya chini: "Propela hii aliifungua nani?" Mzee alikuwa amesimama pale pale. Nilijibu kuwa ni mimi. Tulirudisha meno mahali pake, tukafunga senta beringi na sili kwa gharama yangu, na gari likatulia kama maji mtungini. Matairi sikuweza kumlipa yote kwa mara moja, nilimlipa kidogo kidogo. Alipokea, alinisalimia vizuri kila tulipokutana, lakini gari lake hakuniletea tena. Mpaka leo nikikumbuka jinsi alivyozihesabu noti zile za matairi mbele yangu, moyo unauma.

Kwa hiyo: alama ya sentapanchi au rangi kwenye flanji ya difu, kwenye flanji ya mbele, na pande zote mbili za meno. Chaki inafutika kwenye grisi. Mkikuta propela iliyofunguliwa na mwingine, msiziamini alama zake, tazameni uma zenyewe. Angalieni pia kama kuna kipande cha chuma cha balansi kilichobanduka kwenye bomba la propela, kinaacha doa lenye alama za welding. Na bomba likiwa limebonyea kwa kugonga jiwe, halinyooshwi kwa nyundo.

6. Mengine kwa kifupi.

Gurudumu likishikwa juu na chini likicheza, kagua beringi na boljointi. Likicheza kushoto na kulia, tazama tairodi. Hamisha magurudumu ya mbele nyuma: mtetemo ukihama kutoka usukanini kwenda kwenye kiti, umempata mwizi bila kununua kitu. Ulizeni kama kuna dawa ya maji ya kuziba pancha iliyomiminwa ndani ya tairi. Shokapu zilizokufa hazianzishi mtetemo, zinauacha uendelee. Badilisheni kitu kimoja, mkajaribu, ndipo mguse kingine.

7. Ulizeni gari limefanyiwa nini karibuni.

Wenye pikapu za mzigo wanaongeza majani ya springi kila mwaka. Nyuma inapanda, pembe ya difu na propela inabadilika, na mvumo unaanza gari likiwa tupu. Likipakiwa tani, linatulia. Mteja anashangaa, vijana wanashangaa, na jibu liko kwenye springi. Kuna kabari za chuma zinazowekwa kati ya springi na ekseli kurekebisha pembe, na wakati mwingine kushusha kidogo senta beringi kunatosha. Kazeni na yubolti vizuri baada ya hapo.

Ndiyo maana sitaki kuona gari linazungushwa kwa injini huku ekseli ya nyuma inaning'inia. Pembe za krosi zinakuwa kubwa kuliko za barabarani, na mtasikia mtetemo ambao haupo. Weka stendi chini ya ekseli yenyewe, zuia magurudumu ya mbele, na mtu asisimame nyuma wala ubavuni mwa matairi. Mkumbuke gurudumu moja likisimama, la pili linazunguka mara mbili ya mwendo unaouona kwenye dashibodi.

Mkimaliza, rudini barabara ileile, mwendo uleule, na mzigo kama ule aliokuja nao. Mwenye gari ashike usukani, ninyi mkae kimya. Akisema bado anausikia, gari linarudi ndani jioni hiyohiyo na hela yake haipokelewi.