Nilimhamisha fundi, mkate ukabaki njiani

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, fundi wangu mkuu anaondoka mwisho wa mwezi. Nimemkalisha chini kanitajia kila kitu, daftari limejaa. Kuna kingine?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana daftari kama hilo ninalo. Nimeliandika kwa mkono wangu, hati safi: unga kilo 50, maji lita 28, hamira nusu kilo, chumvi kilo moja, sukari, mafuta. Ndilo lililonifungia tawi.

Wa siku nyingi hapa mnajua nilikoanzia, chapati za barazani Tanga, jiko moja la mkaa. Sitarudia. Turuke mpaka nilipokuwa na bekari, tanuri la kuni, na watu watatu wa zamu ya usiku waliokaa pamoja miaka sita: mkandaji, mzee wa tanuri na kijana wa trei. Wanaanza saa tatu usiku. Saa kumi na moja alfajiri wauzaji wa baiskeli wako mlangoni wanagombania. Boflo langu lilikuwa halifiki saa mbili asubuhi. Najisifu, ndiyo. Nimelitolea jasho.

Mtu akifanikiwa kidogo huanza kujiona mjanja. Nikafungua tawi Muheza. Mkandaji ndiye mwenye mkono, nikampeleka huko na nyongeza ya mshahara. Tanga nikamwacha mzee wa tanuri na mkandaji mpya aliyeshika daftari. Kijana wa trei nikampunguza, kwa kuwa kazi yake niliiona ni kubeba tu. Nilitegemea mkate mzuri sehemu mbili, nikapata mbovu sehemu zote mbili.

Ilikuwa masika. Muheza mkate unatoka juu umeungua, katikati mbichi. Tanga umekaa kama tofali. Mwenye duka mmoja wa Ngamiani alinirudishia mikate 25, akaipanga kwenye kaunta yangu mmoja mmoja mbele ya wateja, kimya, mpaka wa mwisho.

Nikafanya wanachofanya mabosi wote: nikalaumu watu. Mzee wa tanuri nilimwambia kazeeka. Akanijibu, "Sawa, mama," akaendelea kuchochea moto. Hilo "sawa" likinijia usiku hadi leo nageukia upande wa pili.

Wiki ya tano, mkopo wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, unadai, nikafunga Muheza na kumrudisha mkandaji. Usiku wa kwanza tu mkate ukatoka karibu kama zamani. Usiku wa pili nikageuza ndoo, nikakaa humo ndani mpaka alfajiri, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nianze kuajiri.

Kwenye saa sita hivi mkandaji akagonga mkono kwenye ukingo wa karai, mara mbili. Mzee akainuka, akavuta ukuni mmoja kutoka kwenye moto, akaufukia mchangani, akarudi kukaa.

"Mbona umeutoa?" nikamuuliza.

"Si amegonga."

"Akigonga ndiyo nini?"

Mzee akamtazama mkandaji. Mkandaji akautazama mkono wake. "Kwani nimegonga?"

Unga wa ngano huvuta unyevu wakati wa masika, kwa hiyo zile lita 28 za daftari zinazidi. Donge linanata, mkandaji anagonga karai kujikung'uta, anaongeza unga, anakanda tena, kazi inachelewa. Mzee anausikia ule mlio, anapunguza moto ili tanuri lisitangulie mkate. Hawajawahi kulizungumza. Mmoja hakujua kuwa anasema, na mwenzake hakujua kuwa anasikiliza. Usiku huohuo wakaniambia kwamba yule kijana ndiye aliyekuwa anasogeza trei karibu na tanuri au mbali nalo, ili kuumuka kukutane na moto. Haya, hilo ungeliandika ukurasa wa ngapi?

Baadaye nikasoma kisa cha Wajapani nikapata nafuu kidogo. Mwaka 1985 wahandisi wa kampuni ya Matsushita, jijini Osaka, walikuwa wanaunda mashine ya mkate ya nyumbani. Juu unaungua, ndani haujaiva. Wakafika hadi kupiga picha za eksirei donge la mashine na donge la fundi, wasione kitu. Mwenzao, Ikuko Tanaka, akaenda kujifunza kwa mwoka mikate mkuu wa hoteli moja ya jijini hapo, akaona namna anavyolivuta donge. Ilichukua kama mwaka mzima kuuingiza mvuto ule kwenye mashine. Lakini Tanaka alikuwa na fundi mmoja wa kumtazama. Ufundi wa mkate wangu haukuwa kwa mkandaji wala kwa mzee; ulikuwa kati yao.

Ndugu zangu mnaotaka kukuza biashara, acheni kuhamisha watu kama magunia. Kabla hujagawa timu inayofanya vizuri, kaa nayo. Usikae dakika kumi na simu mkononi; kaa zamu nzima. Kisha kaa tena. Na yule unayemwona hana kazi, usimguse mpaka uwe umekaa.

Nilipofungua Muheza upya nilipeleka watu wawili pamoja, wa kukanda na wa moto, waliokwishakaa zamu moja na wale wakubwa miezi mitano. Inalipa. Kwa hiyo wewe uliyeniandikia, daftari weka kando. Siku zilizobaki mwingize mtu mwingine zamu ya fundi wako, halafu waulize wanaobaki: huwa wanasikia nini kwake kabla hajafungua mdomo? Wataanza kwa kusema hakuna. Tafuta ndoo.

Kijana wa trei nilimfuata kumwomba arudi. Yuko bekari nyingine, wanamlipa kuliko mimi. Alisema atafikiria. Ni mwaka wa pili sasa. Asubuhi hupita na baiskeli mbele ya duka langu, "Shikamoo, mama," na mwendo hapunguzi.